Mwari Mwenye Kifafa Mwacheni na Vidonge Vyake



Leo sina pishi, sina mtindo wa hina, na wale mlioniuliza kuhusu mafuta ya nywele mtaniwia radhi, nitawajibu siku nyengine. Nina hasira. Nimeikalia wiki tatu nikiiambia nafsi yangu ipoe kwanza ndipo niandike, na haikupoa.

Mnajua msimu ulivyo. Mfunguo Mosi ukiandama tu, boti za asubuhi za kwenda Dar zinajaa kina mama na mabinti zao wenye orodha mkononi: mashuka, mapazia, seti za vyombo, doti za kanga za kugawa, udi, viatu vya siku ya ukumbini. Mwaka huu nilimsindikiza mama mmoja tuliyekua naye mtaa mmoja, pamoja na bintiye aliyekuwa amebakisha siku kumi na mbili kuolewa. Majina siyataji. Naandika kwa idhini ya binti mwenyewe, ndiye aliyeniambia, "Andika, anti, labda mwengine atasoma."

Tulishuka bandarini tukachukua bajaji mpaka Kariakoo. Tukazunguka Mtaa wa Uhuru kwa kanga, Mtaa wa Congo kwa nguo na viatu, jua la saa sita likatukuta hatujala kitu. Tulipomaliza kusali adhuhuri Msikiti wa Mtoro, mama akanivuta pembeni. "Bado kitu kimoja, lakini hiki kibaki baina yetu." Binti akatazama chini.

Binti ana kifafa. Kilimuanza yuko skuli, darasa la sita. Anakunywa kabamazepini asubuhi na jioni, na mpaka siku ile alikuwa ametimiza mwaka na miezi minne hajaanguka hata mara moja.

Duka lilikuwa ndani uchochoroni. Sitasema uchochoro gani, maana maduka ya namna ile ni mengi na sina ugomvi na mtaa. Shelfu zimepanda hadi dari: habbasoda, asali, majani ya mkunazi, sanamaki, mafuta ya kila rangi. Mwenye duka kijana mstaarabu, kofia safi, maneno laini. Alimsikiliza yule mama kwa utulivu ambao sijauona kwa daktari yeyote. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu hapo ndipo mtego ulipo. Lakini hakuuliza binti ana umri gani. Hakuuliza anakunywa dawa gani, kiasi gani, mara ya mwisho kuanguka ilikuwa lini, ana ujauzito au hana. Binti alikuwa amesimama mbele yake na hakuulizwa neno hata moja. Kijana akashusha chupa ya mafuta meusi, mfuko wa unga wa kijani usio na jina wala tarehe, na kipakti cha kafuri, ile ile karafuu maiti tunayoijua sote. Unga alambe kwa asali. Kafuri apakwe utosini usiku, na kipande kiyeyushwe kwenye mafuta anywe alfajiri.

"Mama angu, hii ni asili tupu, haina kemikali hata moja. Ila vile vidonge vya hospitali aviache kwanza, maana vinagongana."

Shilingi elfu themanini. Mama akatoa, akamwombea dua.

Na mimi nilinyamaza. Mimi ninayeandika hapa kila wiki nikiwaambia muulize maswali kabla ya kununua krimu, nilisimama pale na mifuko yangu ya mashuka nikajisemea haya si mambo yangu, ana mama yake.

Usiku wa tisa tokea siku ile, mwari akiwa ndani anasingwa, wanawake wamemzunguka wanaimba, kifafa kilimshika. Aliangukia chetezo. Makaa yalimwagikia mkono wake wa kushoto na yeye hana habari. Chumba kikatawanyika. Khalati yake, mwanamke mwenye heshima zake, alipiga ukelele: "Amepandwa! Msimguse, mate yake hayo!" Na kweli hawakumgusa. Aliyemvuta kutoka kwenye makaa ni msichana wa kazi, miaka kumi na saba. Kifafa kikaachia, kikarudi kabla hajazindukana, kikaachia, kikarudi tena. Walimfikisha hospitali bado kinampiga. Amelala huko siku tano. Yuko hai, alhamdulillah. Kovu linaanzia kifundo cha mkono mpaka karibu na kiwiko, palepale palipokuwa pachorwe hina.

Huu woga wa mate nitauzungumza kwanza niumalize, kwa sababu ni wa kale na ni wa uongo. Daktari Louise Aall, Mnorwe, aliyefungua kliniki ya kifafa Mahenge, mkoani Morogoro, mwaka 1960, aliandika kuhusu wagonjwa wenye makovu ya moto, watu walioangukia mekoni na jamaa zao wakaogopa kuwavuta kwa kuamini kwamba mate na mikojo ya mwenye kifafa huambukiza. Zaidi ya miaka 60 imepita, na jambo lile lile likatokea kwenye chumba chenye marumaru na kiyoyozi. Kifafa hakiambukizi. Si kwa mate, si kwa kulala kitanda kimoja, si kwa kula sahani moja. Ni hitilafu ya umeme wa ubongo, basi.

Sasa nije kwa yule kijana wa dukani na sentensi yake. "Vinagongana." Angalieni alichokisema. Amekiri kwamba dawa yake ina nguvu ya kugongana na dawa nyengine mwilini. Kitu kinachoweza kugongana ni kitu kinachofanya kazi ndani ya mwili, na kinachofanya kazi ndani ya mwili kinaweza kudhuru. Huwezi kuniambia kwa pumzi moja kwamba kitu hakina madhara yoyote na kwamba ni kikali kiasi cha kugombana na kabamazepini. Na kama kweli unaamini vinagongana, uaminifu ni kumwambia mteja: basi dawa yangu usinunue mpaka ukamuulize daktari wako. Yeye alichagua kuiondoa ile iliyokuwa imemsimamisha binti mwaka na miezi minne, abakie na ile isiyo na jina.

Kitu kilichomwangusha binti, kwa maneno ya daktari aliyempokea, kwanza kabisa ni kuacha vidonge ghafla. Hili nataka lisomwe taratibu. Vidonge vya kifafa haviponyi kama dawa ya malaria, ukamaliza dozi ukasahau. Vinaushikilia ubongo. Ubongo uliozoea kushikiliwa ukiachiwa kwa mara moja huruka kwa nguvu kuliko mwanzo. Fenobabitoni ndiyo mbaya zaidi kwa hili, lakini kabamazepini, fenitoini na valproati nazo ni hivyo hivyo. Hata daktari anapoamua mgonjwa aache, hupunguza kidogo kidogo kwa wiki na miezi. Kifafa kinachorudi juu ya kifafa kabla mtu hajazindukana kinaua, na kinaweza kumwacha aliyepona na ubongo ulioumia. Kwa hiyo hata kama ule unga wa kijani ungekuwa mchicha uliokaushwa, bado ushauri wake ulikuwa wa kuua.

Na haukuwa mchicha peke yake, kulikuwa na kafuri. Dada zangu, sisi tunaijua kafuri kwenye maji ya kuoshea maiti, na hapo ndipo pahala pake. Kafuri ikimezwa huleta kifafa kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka maishani mwake. Si uvumi. Mwaka 1934, mjini Budapest, daktari mmoja aitwaye Ladislas Meduna alitaka kuwaletea wagonjwa wake wa akili mtukutiko kwa makusudi, akiamini utawatibu. Alichowadunga kilikuwa kafuri iliyoyeyushwa kwenye mafuta. Yaani kitu alichokiendea daktari wa zamani alipotaka mtu aanguke, ndicho kijana wa Kariakoo alichompa binti ili asianguke. Kwa watoto ni hatari zaidi: kijiko cha chai cha mafuta ya kafuri kimeshawahi kuua mtoto mdogo. Nanyi mnaowapaka watoto wachanga kafuri kifuani na puani kila wakikohoa, acheni, ngozi ya mtoto inaifyonza.

Mafuta ya mikaratusi ni ndugu yake. Madaktari wa Bengaluru, India, wameandika miaka ya karibuni kuhusu wagonjwa walioanguka baada ya kutumia balimu na mafuta yenye mikaratusi na kafuri, wengine kwa kunusa tu na kujipaka. Chupa ndogo za mafuta makali yanayouzwa kwa ajili ya harufu na kuchua, halafu mtu anaambiwa aweke matone kwenye chai, hizo mwenye kifafa asizitie mdomoni kabisa.

Kuna vya bi harusi hasa. Sanamaki. Tunapenda "kusafisha tumbo" wiki ya mwisho ili gauni likae. Sanamaki inaharisha, na mtu anayeharisha siku tatu anapoteza maji na chumvi za mwili, na vidonge vyake vinaweza kupita bila kufyonzwa vizuri. Chumvi ya damu ikishuka sana, hata mtu mzima wa afya anaweza kuanguka. Chai za kupunguza mwili ni hadithi hiyo hiyo, na zaidi, maana nyingi zina vichangamshi, na kuchangamshwa, kukosa usingizi na kukaa na njaa ni mambo matatu yanayokiita kifafa. Na tazameni wiki ya harusi ilivyo: mwari hali, halali, anaimbiwa mpaka alfajiri. Hapo hatujamtilia hata dawa.

Balungi nalo, wallahi nilishangaa. Anayekunywa kabamazepini akinywa maji ya balungi, dawa hupanda kwenye damu, akaanza kizunguzungu na kuona vitu viwili viwili. Pilipili manga kwa wingi, ile inayosagwa kwenye unga wa dawa, huongeza fenitoini mwilini. Ya kwenye pilau haina neno.

Najua mtakaloniambia. "Anti, umeanza kupiga vita dawa za Mtume?" Sipigi vita. Habbasoda iko jikoni kwangu. Hadithi yake ni sahihi, iko kwa Bukhari, na sina la kuongeza. Tena nitawapa na jengine: mwaka 2007 madaktari wa Mashhad, Iran, walichapisha jaribio dogo kwa watoto ambao kifafa chao kilikuwa kimekataa dawa, wakapewa dondoo ya habbasoda na maanguko yakapungua. Wauzaji wanalipenda jaribio hilo. Wasichowaambia ni kwamba watoto wale, waliokuwa ishirini na kitu tu, walipewa habbasoda juu ya vidonge vyao. Hakuna aliyenyang'anywa vidonge. Kiasi kilipimwa kwa uzito wa kila mtoto, na madaktari walikuwa wanaangalia. Hiyo si sawa na chupa ya mafuta meusi na neno "aviache kwanza".

Mitishamba nayo siidharau. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili, watu wamesoma mimea ya nchi hii kwa miongo. Watafiti wa huko waliwahi kukaa na waganga 100 wa wilaya ya Temeke, Dar es Salaam hapo hapo, kuwauliza juu ya kifafa, wakachapisha mwaka 2005. Walioamini kwamba kifafa kinatokana na uchawi walikuwa 30. Katika mia moja! Hao thelathini, mteja wa kifafa akiwafikia, wanamwambiaje? Watafiti wale walikusanya mimea 60, na kuna michache ambayo kweli imeonyesha nguvu ya kuzuia mtukutiko katika majaribio ya maabara. Mmojawapo ni mturituri, ule wenye punje nyekundu zenye doa jeusi tulizokuwa tukichezea utotoni. Punje hizo zikitafunwa zina sumu iitwayo abrini, miongoni mwa sumu kali zilizomo kwenye mimea. Kwa hiyo mti mmoja una kinachotuliza na kinachoua, na tofauti iko katika sehemu gani imechumwa, imetayarishwaje, na kiasi gani. Haya ndiyo maswali ambayo mfuko usio na jina hauwezi kuyajibu. Dawa ya mseto ya malaria nayo asili yake ni mmea, lakini tunajua kila kidonge kina nini.

Na wakati mwengine mfuko una vitu ambavyo si mmea kabisa. India wameshakuta unga wa "asili" wa kifafa umetiwa fenobabitoni kwa siri, ndiyo maana wagonjwa waliona nafuu! Mgonjwa anaapa dawa ya majani imemponya, kumbe anameza kidonge kile kile alichokikimbia, bila kipimo, na siku anayokosa nauli ya kufuata mfuko mwengine anaanguka vibaya. Mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, walinunua dawa 70 za Kihindi za asili madukani, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Risasi kwenye damu huleta mtukutiko. Asili tupu.

Mnakumbuka Loliondo, 2011? Nusu ya Afrika Mashariki ilipanda magari kwenda Samunge kunywa kikombe cha shilingi 500. Sitaki kumsema marehemu. Nawakumbusha tu waliotupa vidonge vyao njiani kwa imani ya kikombe. Kikombe hakikuwa na sumu. Kilichowaondoa wengine ni vidonge vilivyotupwa.

Turudi kwenye dini, maana wauzaji wanajifunika nayo. Wanamtaja Ibn al-Qayyim kwamba kifafa ni majini. Alichoandika Ibn al-Qayyim kwenye Zad al-Maad ni kwamba kuanguka kuko kwa aina mbili, moja ya pepo wabaya na moja ya maradhi ya mwili ambayo matabibu huyazungumza sababu zake na tiba yake. Miaka karibu 700 iliyopita mwanachuoni aliacha mlango wa tabibu wazi, na sisi na vipimo vyetu vya umeme wa ubongo tunaufunga. Kusoma Qur'ani kwa mgonjwa ni kheri, msomeeni asubuhi na jioni. Hakuna aya inayosema kisomo kikianza kidonge kisimame.

Kuna hadithi nyengine, ya Abu Daud, Nasai na Ibn Majah, ambayo sijaiona imebandikwa kwenye ukuta wa duka hata moja: anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, dhamana ni yake. Madhara yakitokea yanamrudia yeye. Na serikali nayo ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tokea 2002, na Baraza la kusajili waganga na dawa zao. Muulizeni muuzaji usajili wake. Mkiona anakasirika, mmeshajibiwa.

Na ile iliyo nzito kwangu ni ya yule mwanamke, iko kwa Bukhari na Muslim. Ibn Abbas alimwambia Ataa bin Abi Rabah amwonyeshe mwanamke wa peponi, akamwonyesha mwanamke mweusi. Alikuwa amemwendea Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, akamweleza kwamba anaanguka na nguo zinamfunuka. Akapewa hiari: asubiri apate pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, akaomba jambo moja, aombewe asifunuke. Msiniletee hadithi hii kuwa hoja ya kuacha dawa, Mtume huyo huyo ametuamrisha tujitibu. Mimi naangalia jambo jengine. Alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya mbora wa viumbe, "ninaanguka". Hakufichwa. Hakuna khalati aliyemwambia anyamaze mpaka afunge ndoa. Na Ibn Abbas alimwonyesha kwa kidole kama mtu wa kuonewa fahari.

Kwetu sisi anafichwa. Hilo ndilo lililotupeleka uchochoroni, tusijidanganye. Yule mama hakwenda Kariakoo kwa sababu vidonge vimeshindwa, vilikuwa vinafanya kazi vizuri mno. Alikwenda kwa sababu vidonge vinaonekana. Vitakaa juu ya meza ya chumba cha bwana harusi, mawifi wataviona, watauliza. Somo alimwambia wazi, "Mwanangu, usiingie nyumba ya watu na dawa za hospitali, ingia mwepesi." Wamemwangusha ili aonekane hana ugonjwa.

Enyi masomo na makungwi, mnamfundisha mwari kila kitu mpaka namna ya kukunja shuka. Basi mfundisheni na haya. Vidonge vya kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi, kwa hiyo anaweza kushika mimba asiyoipanga. Sindano ya miezi mitatu haiathiriki hivyo. Na kama dawa yake ni valproati, aende kwa daktari kabla ya harusi, si baada ya kukosa siku zake. Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko mwaka 2023 kwamba wasichana na wanawake wenye uwezo wa kuzaa wasiandikiwe, kwa sababu takribani mtoto mmoja katika kumi huzaliwa na kasoro, na wengine hupata matatizo ya akili na kujifunza. Abadilishiwe na daktari, asiikate mwenyewe. Aanze asidi ya foliki mapema. Akishika mimba asiache dawa kwa woga, maana kuanguka kunamuumiza yeye na aliye tumboni. Wanawake wengi wenye kifafa wanazaa watoto wazima na kunyonyesha, na kwa mujibu wa shirika hilo hilo, hadi watu 70 katika kila 100 wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu yanayofaa. Binti huyu alikuwa mmoja wao.

Hospitali nazo zisikae zikachekelea. Wangekuwa wanatusikiliza nusu ya anavyosikiliza muuza dawa wa sunna, tusingefika kwake. Unapanga foleni tokea alfajiri, unaingia, dakika tatu, hakutazami, anaandika "endelea". Ukimwambia unatumia na majani anakufokea, kwa hiyo mara ya pili humwambii. Siku nyengine dirisha la dawa linakuambia hakuna, kanunue nje, na nje bei imepanda. Daktari anayemfokea mgonjwa kwa ajili ya mitishamba anamfundisha kuficha. Mwambieni hata akifoka. Bebeni na mfuko wenyewe mumwekee mezani.

Na siku kifafa kikimshika mtu mbele yenu: sogezeni chetezo, jiko, chupa, kila cha kuumiza. Mlazeni ubavu, tia nguo laini chini ya kichwa, mlegezeeni ushungi shingoni. Msimtie kijiko wala kidole mdomoni, msimnyweshe maji, msimnusishe kiatu wala kafuri, msimkandamize. Tazameni saa. Kikipita dakika tano, au kikirudi kabla hajazindukana, gari. Mfunikeni miguu yake. Yule mwanamke wa peponi ndicho alichokiomba.

Bwana harusi aliambiwa hospitali, kwenye benchi la ukumbini, na mama aliyekuwa analia. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza kwa nini wamemficha yeye na wakamwambia mtu wa dukani asiyemjua. Harusi imeahirishwa, na kama itafungwa au haitafungwa, mpaka naandika haya sijui, na wala si la kutangaziwa hapa. Binti amerudi kwenye vidonge vyake.

Juzi nilimpigia yule kijana wa Kariakoo. Nambari yake ilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, kitu pekee kilichokuwa kimeandikwa. Nikamweleza yote, kuacha vidonge, chetezo, siku tano za hospitali. Akanisikiliza vizuri, kama siku ile, hakunikatiza. Akampa pole nyingi mama wa mtoto. Kisha akaniambia tatizo ni kwamba dozi haikukamilika, mama arudi tu, anayo nyengine kali zaidi.